Fundo la Ziada

Andkhoi, 4 Mizani 1403

Shangazi yangu Sona,

Salaam aleikum. Sisi wazima, maji ya kisima bado yana chumvi, na baba bado hajui.

Karatasi zako nimezikuta katikati ya donge la tatu la sufu uliyotutumia, lile jekundu. Safari hii ulizikunja ndogo mno, nikafumua madonge mawili bure kabla ya kuzipata, na mama akanisema kwamba nitamaliza sufu ya watu kwa kutafuta barua. Lakini endelea kuzificha humo humo. Simu ya nyumba hii ni ya baba na haitoki mfukoni mwake. Donge la uzi, hakuna mwanaume anayelifungua.

Uliniuliza tuko wangapi. Tuko sita kwenye benchi la kufumia, mimi nikiwemo. Shule za wasichana zilipofungwa mimi nilikuwa darasa la nane, Tuwaq la sita, na Hatija ndiye mdogo wetu, ana miaka kumi na tatu na maswali elfu. Jana alimuuliza mama kama mkate ukiungua tanurini umekufa au umebadilika tu. Mama akamjibu kwamba anayeula ndiye atakayejua.

Tunasoma hivi. Unajua nakshi zetu za nyumbani kila mfumaji anazo kichwani, lakini za wafanyabiashara huja zimechorwa kwenye karatasi ya miraba, na lazima mmoja aimbe mafundo ili wengine wafume. Mwimbaji ni mimi. Basi naimba mafundo asubuhi, na baada ya chai naimba somo kwa sauti ile ile na mahadhi yale yale. Anayepita nje ya ukuta anasikia zulia tu.

Shida yangu ni moja, nayo ni baba. Mwezi wa Asadi, miezi miwili iliyopita, wakubwa wa wilaya waliwakusanya msikitini wanaume wote wenye vitanda vya kufumia, na kila mmoja akatia sahihi kwamba nyumbani kwake hamna darasa wala mwalimu. Baba alitia sahihi kwa moyo mweupe, maana hakuwa na habari. Wewe ni dada yake, unajua neno lake lilivyo. Akijua leo, kesho atatufunga, na atakuwa analia huku anafunga. Mimi nataka nimalize mpaka darasa la kumi na mbili, hata kama hakuna atakayenipa cheti. Tuwaq anasema ni jina langu lililoniponza: ukimwita binti Ogulgerek, "mwana wa kiume anahitajika", usishangae akidai vitu vya wanaume.

Kemia tumefika kwenye atomu na tumekwama. Tukwamue.

Mpwa wako,
Ogulgerek


Mazar, 16 Mizani 1403

Gerek mwanangu,

Nimecheka kuhusu huo mkate hata mume wangu akachungulia kutoka kwenye mapipa yake ya rangi, akauliza kuna nini. Nikamwambia ni bei ya sufu. Akasema bei ya sufu haichekeshi, akarudi zake. Mwambie Hatija umebadilika, na kwamba swali lake lingempa alama zote darasani kwangu.

Sasa kazi. Atomu ina kiini katikati, na elektroni hukizunguka kwa duara, duara nje ya duara. Duara la kwanza hujaa likipata mbili. La pili hujaa likipata nane. Zinazobaki huenda duara la nje, na hilo la nje ndilo linaloamua kila kitu: nani atashikana na nani, nani atawaka akiguswa na maji, nani atakaa kimya maisha yake yote. Ukilijua hilo umeijua nusu ya kemia.

Nimefikiri jinsi ya kuliimba. Yape maduara rangi. La kwanza liwe jekundu, la pili liwe la nili, la nje liwe jeupe. Sodiamu itakuwa: nyekundu mbili, nili nane, nyeupe moja. Magnesiamu: nyekundu mbili, nili nane, nyeupe mbili. Nenda hivyo mpaka argoni, ambayo ni nyeupe nane. Nimekuandikia zote kwenye karatasi ya pili. Hata mkubwa wa wilaya akibandika sikio ukutani, atasikia pindo la zulia.

Ila mikono ipumzike wakati wa somo. Mtu hawezi kufuma na kufikiri kwa pamoja. Mimi mwenyewe sijawahi kuweza, ndiyo maana nikawa mwalimu.

Nakatisha hapa. Dereva anapiga honi nje na madonge bado hayajafungwa.

Shangazi yako,
Sona


Andkhoi, 11 Akarabu 1403

Shangazi,

Nina jambo la kukuambia, kaa kitako kwanza.

Somo lilikuwa tamu, na huo utamu ndio uliotuponza. Nyekundu mbili, nili nane: Hatija alilikariri siku moja, Tuwaq mbili. Chai yetu yenye chumvi sasa tunaiita sodiamu, na Hatija akimiminiwa anasema, "Punguza elektroni." Lakini ile habari yako ya kupumzisha mikono hatukuiweza. Kitanda cha kufumia kikinyamaza, baba uani husikia ukimya huo na kuuliza nani anaumwa. Kwa hiyo tukawa tunafuma huku tunakariri.

Mkono wa mfumaji hausubiri akili. Ukisikia nyekundu mbili, unafunga nyekundu mbili. Tulikuwa kwenye pindo la mwisho la zulia kubwa la mfanyabiashara, nami naimba somo, akili yote iko kwenye wimbo, mikono inakwenda yenyewe. Tulipofika safu kumi juu yake, Tuwaq akaniambia taratibu, "Gerek, hebu angalia hapo chini. Tumefuma sodiamu."

Nikadhani utani wake. Nikainama. Kweli bwana, sodiamu ile pale, magnesiamu ubavuni mwake, na hivyo hivyo mpaka argoni. Kila msichana kafuma somo zima mbele yake, mara sita kutoka ukingo hadi ukingo.

Kufumua kungechukua siku nne, na gari la mfanyabiashara lilikuwa linakuja keshokutwa. Mama akaja akaangalia, akasema, "Zulia hukanyagwa, nani atalisoma?" Tukamalizia.

Kisha baba akalikata mwenyewe kitandani, akalitandaza uani, akaanza kupunguza manyoya kwa mkasi wake mkubwa kama kawaida yake. Alipofika pindoni mkasi ukasimama. Nilikuwa mlangoni na beseni la mkate. Mkasi ukaendelea. Aliniambia tu kwamba chai imepoa.

Zulia limekwenda. Niambie hakuna atakayegundua.

Gerek


Mazar, 20 Akarabu 1403

Gerek,

Miaka kumi na tisa nimefundisha, na nimeona wanafunzi wakiandika somo ukutani, viganjani, hata kwenye soli ya kiatu. Kulifuma kwenye zulia la biashara mmekuwa wa kwanza. Nilipaswa kukukaripia, na nilianza vizuri, lakini kila nikifika "tumefuma sodiamu" kalamu inanishinda.

Hakuna atakayegundua. Mtu anayenunua zulia huangalia rangi, kisha huweka meza juu yake. Sasa someni mikono ikiwa imetulia. Mtu mmoja agonge chanuo kwenye kitanda mara kwa mara, baba yako asikie mlio aridhike.

Shangazi yako


Andkhoi, 6 Kausi 1403

Kwa mdogo wangu Sona,

Salamu kwako na kwa mumeo. Nili yake ya mara ya mwisho ilikuwa hafifu, mwambie.

Nina miaka hamsini na sita, na tangu nikiwa na kumi napunguza mazulia kwa mkasi. Zulia nalisoma kwa kidole. Kosa la binti mwenye njaa nalijua, na la mwenye usingizi, na la aliyechumbiwa, ambalo ndilo baya kuliko yote, maana huanza vizuri na kuishia popote. Mwezi uliopita nilikuta kosa la aina nyingine kwenye pindo. Nyeupe zilikuwa zinapanda. Moja, mbili, tatu, nne, sita, sita, saba, nane. Mbele yake daima mbili nyekundu na nane za nili. Kosa halijui kuhesabu, Sona. Hili lilikuwa linahesabu.

Nilinyamaza. Nilijiambia ni mchezo wa wasichana, na nikajiandaa zulia lirudishwe.

Jana mfanyabiashara amekuja, na hakuja na zulia. Amekuja na oda. Anasema kuna mama wa Herat aliyelinunua, anataka lingine, na sharti lake ni pindo lile lile. Ametuma karatasi ya miraba, kalichora pindo lote kwa mkono wake, safi kabisa, na kwenye kifungu cha tano amefuta fundo moja jeupe. Chini yake kaandika: "Kifungu cha tano kina fundo moja la ziada. Mengine yote ni sahihi. Endeleeni."

Mfanyabiashara anaona ni sifa. Mimi sioni sifa. Mteja amejuaje kosa lililo ndani ya kosa?

Madonge ya sufu yanatoka kwako. Binti yangu akiyapokea hukimbilia chumbani kama amepokea peremende. Mimi si kipofu, nilikuwa natazama pembeni. Sasa nakuuliza wewe, dada yangu, swali moja: ni nini kile? Utotoni ukinidanganya masikio yako yalikuwa yanageuka mekundu, na barua haina masikio, kwa hiyo nakutegemea.

Unajua nilichotia sahihi.

Kaka yako,
Allaberdi


Mazar, 10 Kausi 1403

Kaka Allaberdi,

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya uongo na ilikuwa nzuri sana. Nimeichana.

Ni somo langu. Kila kifungu kwenye pindo lile ni kitu kimoja cha ulimwengu huu. Cha kwanza kimo kwenye chumvi ya kisima chako. Cha tatu ndicho sufuria zako zilichotengenezwa nacho. Cha tano kiko kwenye mifupa yako inayokuuma ukiinama. Gerek anawafundisha wenzake watano pale benchini tangu masika, kwa karatasi ninazoweka ndani ya madonge. Mkeo anajua. Mume wangu hajui, na usimwambie, yeye siri humtoka kama rangi kwenye maji.

Fundo la ziada ni langu mimi. Nimetazama nakala yangu: dereva alikuwa anapiga honi nami nikaandika sita badala ya tano. Nimekata alama za watoto wa watu miaka yote ile kwa kosa dogo kuliko hilo. Na huyo mama wa Herat simjui, lakini namjua. Ni mwalimu. Hakuna mtu mwingine anayesahihisha zulia analolikanyaga. Yuko nyumbani kwake kama nilivyo kwangu, amekaa chini, akaona darasa limeingia kwa mlango wa mbele.

Kaka, kuna kitu hujawahi kuniambia, nimeambiwa na marehemu mama. Mwaka ule kondoo walipokufa, wewe uliacha darasa la nne ili mimi niendelee. Mimi nilijua tu kwamba umechoka shule. Nilikuwa nakucheka, nakuita kichwa cha kondoo. Nimebeba aibu hiyo miaka mingi, na leo naiweka hapa ili uijue.

Sikuombi uvunje neno lako. Ukilivunja sitakutambua. Naomba kitu kimoja: kama utafunga, mwambie mwanao kwa mdomo wako, usimtume mama yake.

Mdogo wako,
Sona


Andkhoi, 19 Kausi 1403

Shangazi,

Amefunga. Aliniita zizini, akanipa ndoo niishike ili mikono yangu iwe na kazi.

"Gerek, nilitia sahihi."

"Najua, baba."

"Mtu akitia sahihi amemaliza."

"Hukuwa unajua."

"Sasa najua. Ndiyo tofauti." Akamkamua mbuzi mpaka maziwa yakaisha, akaendelea kukamua. "Nani alikosea cha tano?"

"Shangazi."

Akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba amenuna.

Sasa mama ndiye anayeimba mafundo, na mimi nafuma tu kama wengine. Oda ya Herat tumeianza. Baba haoni ajabu yoyote: anatukataza sodiamu na kutufumisha sodiamu, tena anasimama mlangoni kuhakikisha nyeupe za cha tano ni tano. Hatija haji tena. Mama yake anasema kama ni kufuma tu, kufuma hata kwao kupo. Nafasi yake benchini tumeiacha wazi, hakuna anayesogea kuijaza.

Ulimwambia kila kitu. Nimeona barua yako kwenye koti lake, na nimeisoma, na sina radhi. Ungeweza kusema ni nakshi ya Mazar. Ungeweza kusema hujui. Nilikuamini wewe kuliko mtu yeyote. Sijui niseme nini zaidi, kwa hiyo naishia hapa, na sufu ya mwezi ujao itume bila karatasi.

Ogulgerek


Mazar, 25 Kausi 1403

Mwanangu,

Nimeweka karatasi hata hivyo. Una haki ya kunikasirikia.

Aliniuliza swali la wazi, na mtu aliyeacha shule kwa ajili yangu sikuweza kumpa jibu la uongo. Ningemdanganya, na wewe ukaendelea kumdanganya, ingefika siku akajua kwa mdomo wa mkubwa wa wilaya mbele ya watu. Siku hiyo asingefunga darasa tu. Angefunga moyo.

Sina la kukuahidi. Lakini mimi nimekua na huyo mtu. Akigoma husema. Akinyamaza na kuinama, ujue anahesabu. Niambie: anasema au ananyamaza?

Shangazi yako, ukinitaka


Andkhoi, 3 Dalu 1403

Shangazi Sona,

Alikuwa ananyamaza.

Nisamehe kwa barua ile. Niliiandika nikiwa na hasira, na mama anasema hasira zangu nimezirithi kwako, kwa hiyo utanielewa.

Alhamisi moja mwezi uliopita baba alichinja kondoo. Tukadhani kuna posa, na Tuwaq akaanza kuniuliza nitapenda mume mwenye ndevu au mwenye trekta. Akaja mulla wetu na wazee wawili wa mtaa. Wakala pilau, wakanywa chai, sisi tukiwa nyuma ya pazia. Kisha baba akajifuta mikono na kusema:

"Mulla, nataka kuandikisha hiba. Chumba cha kufumia, paa lake, mlango wake na kitanda kilichomo, nimempa mke wangu Bibigul. Viwe vyake, si vyangu tena."

"Unaumwa?" mulla akauliza.

"Mzima."

"Unataka kuoa wa pili, unamtuliza huyu?"

"Huyu mmoja ananitosha na kubaki."

Nyuma ya pazia mama akaguna.

"Sasa mwanamke atafanyia nini chumba?"

"Sheria inamruhusu kumiliki, haimruhusu?"

"Inamruhusu."

"Basi kikiwa chake, mimi nitamuulizaje anakifanyia nini? Wewe hapa ulipokuja na saa yako mkononi, nimekuuliza unaitazama mara ngapi?"

Nadhani mulla alielewa, shangazi. Ana mabinti wanne, na mdogo wao alikuwa darasa moja na Hatija. Akaomba kalamu, akaandika, wazee wakashuhudia, akagonga muhuri. Akauliza kwa sauti kama Bibigul amekubali. Mama akasema amekubali, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sijawahi kukisikia humo.

Wageni walipoondoka baba akanikuta uani.

"Nilitia sahihi kwamba nyumbani kwangu hamna darasa," akasema. "Neno hilo liko pale pale. Nyumba yangu ni vyumba vitatu na zizi. Kile cha nne mwenyewe ni mama yako. Mambo yenu ya huko ndani mkubaliane naye."

Nililia, sikujificha. Yeye akageuka akajidai anamtazama yule kondoo, ambaye tulikuwa tumeshamla.

Kesho yake mama alikwenda mwenyewe kwa kina Hatija. Sijui walisema nini, ila Hatija yuko benchini na anatafuna zabibu kavu wakati wa somo, na nimeacha kumkataza. Kwa karatasi ulizoweka mara ya mwisho tumeshafika mbele ya argoni. Mama wa Herat alituambia tuendelee, nasi tumeendelea, tumeongeza duara la nne na kulipa rangi ya manjano.

Lakini sikiliza hili. Juzi wanaume wawili wa wilaya walikuja. Kuna mtu aliwaambia kwamba kwetu wasichana wanaimba kupita kiasi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na mlango ule una ufa. Nilifikiri, basi, tumekwisha.

"Mzee, humo ndani wanaimba nini?"

"Muulizeni mwenye chumba," baba akasema.

"Si wewe?"

"Chumba si changu. Hati hii hapa, someni. Muhuri ni wa mulla. Mimi mwenyewe siku hizi naingia kwa hodi, na mara nyingine nakataliwa."

Wakasoma, wakaigeuza, wakasoma tena. Mmoja akasema, "Basi tuitie huyo mwenye chumba."

"Nimwite mke wangu aje kuongea na wanaume wawili asiowajua?" Baba hakupandisha sauti hata kidogo. "Hiyo ndiyo amri mliyokuja nayo? Rudieni basi, mulla yuko jirani hapo, nimwite aisikie."

Yule mkubwa akasema hapana, hawakusema hivyo, mzee asiwaelewe vibaya. Baba akawaandalia chai. Wakainywa, wakasema maji yetu yana chumvi, baba akasema ndiyo, na kwamba chumvi ina mambo mengi ndani yake. Wakaondoka. Baba hakuwa amesema hata neno moja la uongo. Nilimhesabia yote.

Mama alipofungua mlango alimkuta bado amekaa pale pale, anajaribu kurudisha hati kwenye bahasha na haiingii. Akaichukua akaiweka kifuani mwake. "Ni yangu hii," akamwambia, "naitunza mwenyewe." Kisha akamkaribisha chumbani. Baba akaingia akakaa karibu na mlango, kofia magotini, na Tuwaq akamletea chai kama mgeni.

Tutumie yanayofuata, shangazi. Na uyaandike polepole, dereva apige honi apendavyo.

Mpwa wako,
Gerek

Nami naongeza mistari yangu kabla barua haijafungwa. Sona, mimi Allaberdi. Kazi yangu ya mkasi naifanyia nje ya dirisha la mke wangu, na mtu hawezi kuziba masikio. Mbili, nane, nane, moja nimeisikia. Mbili, nane, nane, mbili nimeisikia. Inayofuata nikajisemea itakuwa mbili, nane, nane, tatu, kwa kuwa kila nakshi niliyoijua maisha yangu yote ingekwenda hivyo. Gerek akaimba mbili, nane, tisa, mbili. Nikasimamisha mkasi. Nimegonga nikawaambia wamekosea, wakacheka wote sita, na mwenye chumba akanifungia mlango. Nimeihesabu siku tatu juu ya mazulia mawili na haikai. Kwa nini inarudi kujaza duara ambalo imeshaliacha? Usiniandikie jibu tupu. Niandikie na sababu.